Bado Si Dharura

Sijawahi kumuuliza mtu umri wake nikaamini jibu la kwanza. Ndiyo kazi. Meza yangu iko mlangoni pa wodi ya watoto, upande wa kushoto ukiingia, na kila fomu ya ridhaa hupita mikononi mwangu kabla mgonjwa hajasukumwa kwenda chumba cha upasuaji. Ukiniambia una miaka thelathini, nitakuuliza mtoto wako wa kwanza ana mingapi. Ukinitajia mwaka wa kuzaliwa, nitakuuliza shule ya msingi ulimaliza lini, kisha nitajumlisha na kutoa kichwani huku nakutazama usoni. Watu hudanganya umri kwa sababu elfu moja, na mimi nilikuwa nikizinasa karibu zote. Wauguzi waliniita Mahakama. Nililipenda jina hilo, siwezi kukana.

Yule binti aliingia Jumatatu saa tatu asubuhi akiwa na mtoto wa wiki tano aliyekonda hadi ngozi ya mapaja ikakunjamana kama soksi kubwa. Kila akinyonya, maziwa yalimruka mpaka ukutani. Daktari wa upasuaji alimpapasa tumbo dakika mbili tu, akajua. Mlango wa chini wa tumbo ulikuwa umevimba ukajifunga, chakula hakipiti. Upasuaji wa nusu saa. Bila huo, mtoto angekufa njaa mdomo ukiwa kwenye titi.

Binti akaletwa mezani kwangu kusaini.

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na minane."

"Hongera. Shule ya msingi ulimaliza lini?"

"Mwaka juzi," akajibu upesi, halafu akauma mdomo.

"Mwaka juzi, ukiwa na miaka kumi na sita! Ulikuwa unasoma au unalinda shule?"

Muuguzi mmoja aliyekuwa akipita na sinia la sindano akaangua kicheko. Binti hakucheka. Alimpandisha mtoto begani, akasema kwa sauti ya chini, "Kumi na tano, dada."

"Asante. Sasa nisikilize vizuri, mdogo wangu. Hii si barua ya kuombea ruhusa shuleni. Ukidanganya kwenye fomu hii ni kosa la jinai. Watakuja watu wa ustawi wa jamii, wataanza kuuliza kama mama mwongo anafaa kulea mtoto. Umenielewa?"

"Nimeelewa, dada."

Sikuwa na nia mbaya. Maneno hayo nilikuwa nikiwaambia wote, na wote walikuwa wakitetemeka kidogo, na fomu zangu zilikuwa safi. Nikaikata ile kumi na nane kwa mstari mmoja, nikaandika 15 juu yake kwa wino mwekundu, nikaweka herufi za jina langu pembeni, kama utaratibu unavyotaka.

"Kwa hiyo siwezi kusaini?"

"Unaweza. Wewe ni mama yake. Sheria haimuulizi mama ana miaka mingapi, inamuuliza kama ni mama."

Alisaini kwa mwandiko wa daftari, kila herufi imekaa kwenye mstari, kisha akaazima rula yangu akapigia jina lake mstari chini. Nilipomuuliza jamaa wa karibu, alisema mama yake ni marehemu. Baba yake ni fundi makochi, lakini hawasemeshani tangu tumbo lilipoonekana. Yeye anaishi kwa msusi mmoja aliyempa pembe ya chumba. Nikaandika namba ya simu ya baba kwa sababu kisanduku kilikuwepo, na mimi siachi kisanduku kitupu.

Mtoto alipasuliwa saa nane mchana. Saa moja kabla ya wageni kufukuzwa wodini alikuwa ameshanyonya mara mbili na hakutoa hata tone. Sista msimamizi wa wodi, mwanamke mpana tunayemwita Jenerali, alimtazama akijilamba akasema, "Huyu amekula, sasa anangoja kuletewa gazeti." Kuanzia hapo mtoto akawa Bwana Mkubwa, na binti akawa Mama Bwana Mkubwa, na kwa mara ya kwanza nilimwona anacheka. Alikuwa na mwanya.

Jumanne asubuhi Jenerali aliona mtoto anabadilishwa mkono lakini habadilishwi titi.

"Na hilo la kulia limegoma?"

"Linauma kidogo, Sista."

"Kidogo kiasi gani? Fungua nione."

Titi lilikuwa gumu, jekundu, linang'aa kama limepakwa mafuta. Wiki nzima mtoto alikuwa akitapika na maziwa yanarundikana, na binti hakumwambia mtu kwa sababu hakuja hospitali kwa ajili yake mwenyewe. Kipimajoto kikasoma thelathini na nane nukta tisa. Daktari wa upasuaji akabonyeza kwa vidole viwili, binti akanyanyuka kitandani mzima mzima.

"Jipu," akasema daktari. "Na ni kubwa, limekwenda ndani. Lifunguliwe leo. Andaeni fomu."

Fomu nikaiandaa mimi. Nilijaza jina, nikajaza ugonjwa, nikafika kwenye umri. Kalamu ikasimama.

Ilikuwa hivi. Aliye chini ya miaka kumi na minane hasaini kisu chake wala usingizi wake. Husaini mzazi, au mlezi aliyewekwa na mahakama. Msusi si mlezi. Mama alishazikwa. Vidonge na sindano havidai fomu, hivyo alipewa tangu asubuhi ile, lakini dawa ya sindano haiwezi kukausha dimbwi la usaha. Njia nyingine ilikuwa moja tu: maisha yakiwa hatarini, madaktari wawili wanaweza kusaini badala ya mzazi.

Daktari wa usingizi alikuja, akasoma faili akiwa amesimama. "Nani kaandika kumi na tano?"

"Mimi."

"Basi mtafuteni baba."

"Tusaini sisi wawili," akasema daktari wa upasuaji.

"Tuandike nini? Anaongea, anakula, ananyonyesha. Presha nzuri. Bado si dharura."

Hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Mwenzake aliyesoma naye alikuwa amesimamishwa kazi mwaka mzima kwa sababu ya kidole cha mtoto kilichokatwa kabla baba hajafika. Kila alipoona fomu isiyo na sahihi, aliona sura ya yule mwenzake.

Jenerali akaweka mikono kiunoni. "Kwa hiyo tunamngoja azidiwe ndipo tumtibu?"

"Tunamngoja baba yake, Sista."

Nilimpigia baba. Nilipotaja jina la binti, simu ikakatwa. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikachoka. Mara ya tatu ilikuwa imezimwa.

Nikaenda kumweleza binti, nimekaa ukingoni mwa kitanda. Alisikiliza huku akimpangusa Bwana Mkubwa shingoni.

"Dada, jana si nilisaini mtoto wangu apasuliwe tumbo?"

"Ulisaini."

"Tumbo zima, na matumbo yamo ndani. Leo siwezi kusaini jipu?"

"Huwezi."

"Nikisaini tena la mtoto, mtakubali?"

"Tutakubali."

Akamtazama mtoto. "Basi Bwana Mkubwa, kua haraka unisainie." Akacheka, titi likauma, kicheko kikakatikia njiani.

Jumatano asubuhi homa ilikuwa thelathini na tisa nukta mbili. Jenerali aliniambia, "Wewe ndiye Mahakama. Nenda kamlete huyo baba, hata kwa masikio."

Karakana ilikuwa nyuma ya duka la vioo, banda la mabati lenye milima ya sponji na vumbi la mbao linaloelea. Fundi alikuwa amepiga goti mbele ya kochi la watu watatu, akilivuta kitambaa mgongoni na kukikaza kwa misumari midogo. Misumari mingine alikuwa ameibana midomoni, vichwa nje, na aliichomoa mmoja mmoja bila kutazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema kwa kona ya mdomo. "Kama umetumwa na watu wa viti vya kanisani, waambie Jumamosi."

"Nimetoka hospitali. Ni kuhusu binti yako."

Nyundo haikusimama. "Mimi nina watoto wawili. Wa kiume."

"Na binti."

"Nilikuwa naye."

Nikamweleza habari yote, hatua kwa hatua, kama ninavyowaeleza watu kila siku: mtoto amepasuliwa amepona, sasa mama yake ana jipu, daktari yupo tayari, kinachokosekana ni sahihi ya mzazi. Nikaitoa fomu kwenye bahasha, nikaiweka juu ya mkono wa kochi. Akatema misumari kwenye kiganja, akaipanga pembeni.

"Sahihi," akasema. "Unajua mara ya mwisho kushikishwa kalamu kwa ajili ya yule ilikuwa wapi, bibie? Ofisini kwa mwalimu mkuu. Nilisaini kwamba nimeelewa mwanangu anaondolewa shule kwa ujauzito. Alikuwa wa pili darasani. Nikakosea tarehe, mwalimu akanisahihisha mbele yake, kama mimi ndiye mwanafunzi. Nilitoka pale nikala yamini mbele ya kaka zangu wote: mkono huu haumwandikii tena kitu. Leo unataka nile matapishi yangu?"

"Ni mstari mmoja tu, mzee."

"Hata ule ulikuwa mmoja."

"Ana homa kali."

"Jipu la titi?" Akapuliza pua. "Marehemu mama yake aliumwa vilevile alipomzaa kaka yake mkubwa. Tukamkanda maji ya moto. Siku ya nne likapasuka lenyewe, siku ya tano yupo jikoni ananigombeza. Wanawake wote huumwa hivyo."

"Hili si kama lile."

Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu, labda kwa vumbi. "Atakufa?"

Siku yangu ya kwanza kazini nilifundishwa jambo moja kabla ya kuonyeshwa choo kilipo: karani hatoi habari za ugonjwa. Hasemi atapona, hasemi atakufa. Niliwahi kumfariji mama mmoja kwa kumwambia mwanawe ataamka, hakuamka, nikapewa barua ya onyo ambayo ipo kwenye jalada langu mpaka leo. Kwa hiyo mtu aliniuliza kama mwanawe atakufa, na mimi niliyemwona mwanawe asubuhi ile anatetemeka chini ya mablanketi mawili, nikamjibu:

"Mimi ni karani tu, mzee. Hayo ni ya daktari."

Aliendelea kunitazama. Naamini alikuwa akingoja nimsukume. Alitaka mtu amwambie neno zito kuliko yamini yake, nami sikulitoa.

"Kama angekuwa wa kufa," akasema mwishowe, "wangemtuma daktari." Akarudisha misumari mdomoni, akaninyooshea fomu kwa kidole gumba na cha shahada, kama kitu kilicholowa.

Nilirudi kwa miguu, jua limesimama utosini, nikipiga hesabu ambayo sijawahi kuipiga: nifanyeje fomu iwe chafu. Nilipofika mezani nilichukua fomu mpya. Mahali pa umri nikaandika 18. Nikaitoa ile ya Jumatatu kwenye faili, nikaikunja mara nne, nikaiweka kwenye sidiria. Kisha nikamfuata daktari wa upasuaji kwenye korido.

"Nilikosea, daktari. Nilimchanganya na mgonjwa mwingine. Huyu ni mtu mzima, anaweza kusaini mwenyewe."

Alijua. Niliona anavyojua, na niliona anavyotaka kuamini. "Vizuri," akasema haraka. "Vizuri sana. Mwambie Sista amwandae."

Lakini usingizi una daktari wake. Alikuja akaisoma fomu mpya, akanisoma na mimi. "Jana kumi na tano, leo kumi na nane. Watoto wa siku hizi wanakua." Akakitafuta kitanda. "Nitamuuliza mwenyewe."

Nilimfuata unyounyo. Sikupata nafasi ya kumtangulia, wala ya kumnong'oneza binti neno. Nilisimama nyuma ya bega la daktari nikitikisa kichwa juu chini, nikikodoa macho, nikiunda midomo yangu: kumi na nane, kumi na nane. Binti alikuwa amelowa jasho hadi nywele zimemganda kwenye paji la uso. Bwana Mkubwa alikuwa amelala kwenye mkono wake wa kushoto.

"Mama, una miaka mingapi?"

Alinitazama mimi. Alinielewa, hilo sina shaka nalo. Kisha akamtazama mtoto, akamsogeza karibu zaidi.

"Kumi na tano."

"Una hakika?"

"Nina hakika, daktari. Sidanganyi. Mtoto wangu msimchukue."

Daktari wa usingizi akairudisha fomu mikononi mwangu. Aliondoka taratibu, akasimama mlangoni, akageuka kama mtu aliyesahau kitu, halafu akaenda zake.

"Kwa nini?" nikamuuliza binti. Nilikuwa karibu kumpigia kelele. "Si nilikuwa nakuonyesha?"

"Wewe ndiye uliniambia, dada. Nikidanganya watakuja."

"Nilikuwa nakutisha tu!"

"Sikujua." Akafumba macho. "Ulisema kama kweli."

Kilichofuata ni kungoja, na sijawahi kuona watu wazima wenye elimu wakingoja kwa namna ile. Jenerali alimpima kila nusu saa. Kila namba ilipopanda, alikwenda kuisoma mlangoni pa ofisi ya madaktari kwa sauti kubwa, kama mtangazaji wa mpira. Thelathini na tisa nukta nne. Mapigo mia na ishirini. Thelathini na tisa nukta sita. Daktari wa upasuaji alikuwa ameshasaini sehemu yake, ile karatasi ya madaktari wawili ikabaki mezani na mstari mmoja mtupu. "Presha?" sauti kutoka ndani iliuliza kila mara. Presha ilikuwa ingali nzuri. Mwili wa miaka kumi na mitano ni mwili mkaidi, unashikilia presha mpaka dakika ya mwisho, halafu unaiachia yote mara moja.

Iliachia Alhamisi, saa nne kasoro asubuhi. Binti alianza kumwita mwalimu, akisema amemaliza zoezi, amemaliza, akaguliwe. Vidole vyake vilikuwa baridi wakati kichwa kinaunguza. Jenerali hakwenda tena mlangoni kutangaza namba, alipiga yowe pale pale alipokuwa. Daktari wa usingizi alikuja mbio, akasaini kwenye mstari ule akiwa anatembea, karatasi imebanwa ukutani, na yeye mwenyewe akashika kichwa cha kitanda kukisukuma. Bwana Mkubwa aliachwa mikononi mwangu. Alikuwa ameamka, anatafuta titi kwenye shati langu.

Nilikuwa bado nimemshika nilipomwona fundi makochi mlangoni. Alikuwa amevaa shati la kutokea, limepigwa pasi, lakini nywele zake zilikuwa na chembe za sponji. Aliamkia ukuta, akaniamkia mimi, mzee kuniamkia mimi.

"Lile jibu lako la jana," akasema. "Nimelala nalo. Mtu akisema hawezi kusema, si kwamba ameshasema?" Akapangusa viganja kwenye suruali. "Nimekuja kusaini."

"Haihitajiki tena, mzee. Amepelekwa. Madaktari wamesaini wenyewe."

"Nipe nisaini."

"Mzee, haitabadilisha kitu."

"Mimi ni baba yake au si baba yake?"

Nilimlaza mtoto kwenye kitanda kidogo kando ya meza, nikafungua bahasha, nikampa. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akaazima kalamu, akaiweka fomu juu ya goti. Alisoma kila neno akipitisha kidole. Kwenye sehemu ya mzazi, jina la mgonjwa aliliandika lote, majina matatu, pole pole, kwa mkono uliozoea nyundo. Uhusiano: baba. Aliniuliza tarehe, nikamwambia. Akatia sahihi, akaipulizia wino ukauke.

Mlango wa korido ukafunguka. Daktari wa upasuaji alikuja ameshika kofia yake mkononi, na nyuma yake Jenerali, uso ameugeuzia dirishani.

"Huyu ni nani?" daktari akaniuliza.

"Ni baba yake."

Akainama mpaka macho yao yakawa sawa. "Mzee, pole sana. Sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Moyo wake umesimama tukiwa naye ndani, tumejaribu kila njia. Amefariki."

Fundi alimtazama daktari. Kisha akatazama chini, kwenye fomu juu ya goti lake, akaigeuza nyuma na mbele, akaisogeza karibu na mwanga.

"Nimekosea mahali," akaniambia. Kidole chake kilikuwa kinapita kwenye mistari, kinarudi. "Ni hapa kwenye tarehe? Au jina nimelipanga vibaya? Nipe nyingine, mwanangu. Nitaandika vizuri."

Daktari alinyoosha mkono amshike bega, na hakumfikia. Jenerali alikuwa akilia bila sauti. Mtoto alianza kulia kwa njaa. Nikafungua droo, nikatoa fomu nyingine, nikampa.